Mlango wa Jua: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Sanaa na Sayansi Uani mwa Shule au Chuo, Lamu

Shule na vyuo vingi vya pwani vina sayansi iliyopakwa rangi ukutani: sayari zikizunguka jua, moyo wa binadamu, mzunguko wa maji. Michoro hiyo ni mizuri, lakini hata jua lisipochomoza kesho, itabaki vile vile. Mwongozo huu ni wa kazi ya aina nyingine: kazi ya sanaa inayopima, ambayo uzuri wake unatokana na kipimo chenyewe. Ukitoa hesabu, nakshi inakosa maana. Ukitoa nakshi, hakuna mwanafunzi atakayesimama kuitazama hesabu. Hilo ndilo sharti langu la kwanza na la mwisho katika kazi hizi, na kila hatua hapa chini inalitumikia.

Kazi yenyewe ni fremu ya mlango wa nakshi, bila mbao za kufungia wala mfaa (ubao wa katikati), iliyosimama peke yake katikati ya ua. Juu yake kuna bamba la shaba lenye tundu moja, mita 2.5 kutoka sakafuni. Mchana nuru hupenya tunduni na kuacha doa chini. Doa hilo hutembea kila siku kutoka magharibi kwenda mashariki, na mwaka mzima huenda na kurudi kati ya kusini na kaskazini, likikivuka kizingiti mara mbili.

Kwa nini Lamu

Njia ya tundu na doa ni ya zamani. Mwaka 1655 Giovanni Domenico Cassini alichora mstari wa zaidi ya mita 66 katika sakafu ya kanisa la San Petronio, Bologna, chini ya tundu lililotobolewa juu, akafuatilia safari ya jua kwa mwaka mzima. Lakini Bologna jua halifiki utosini hata siku moja. Doa la mchana hukaa kaskazini mwa tundu mwaka mzima.

Lamu iko karibu digrii 2.3 kusini mwa ikweta, na hilo linabadilisha kila kitu. Karibu na tarehe 14 Machi na tena karibu na tarehe 28 Septemba, jua la mchana linasimama wima juu ya vichwa vyetu. Kati ya Machi na Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na doa huanguka kusini mwa mlango. Miezi iliyobaki jua liko kusini, na doa liko kaskazini. Kwa tundu lililo mita 2.5 juu, mwishoni mwa Juni doa la adhuhuri hufika mita 1.20 kusini mwa kizingiti, na mwishoni mwa Desemba sentimita 97 kaskazini.

Sasa tazama pepo zetu. Jua likienda kaskazini, bara la Asia hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo huvutwa kutoka kusini kwenda kujaza nafasi: ndiyo kusi. Jua likirudi kusini, Asia hupoa na upepo hugeuka: ndiyo kaskazi. Kwa hiyo, ukiacha majuma machache ya matlai, upepo unapogeuka, doa hukaa upande ule ule unakotoka upepo. Nahodha wa zamani aliyengoja kaskazi imlete kutoka Arabuni na kusi imrudishe alikuwa akiongozwa na jua hili hili. Mwanafunzi anayesimama mlangoni mwezi wa saba, upepo ukimpiga kutoka kusini na doa likiwa kusini yake, hahitaji kukaririshwa chanzo cha pepo za msimu. Ninaipenda kazi hii kuliko nyingine yoyote kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza: baraza kabla ya mbao

Kosa linaloua kazi nyingi za namna hii hutokea kabla ya msumari wa kwanza. Mwalimu wa fizikia huchora mpango mzima, kisha mwishoni humwita fundi na kumwambia, "Tutilie maua hapa." Au msanii huleta umbo alilokwisha kulipenda, na mwalimu anaombwa atafute maelezo ya kisayansi ya kuliandikia kibao. Namna zote mbili, upande mmoja ni mgeni katika kazi ya mwenzake.

Wakalishe pamoja tangu siku ya kwanza: mwalimu wa fizikia au jiografia, fundi wa nakshi, fundi mwashi, nahodha au mvuvi mtu mzima, mwalimu wa madrasa, na wanafunzi wachache, wasichana na wavulana. Usianze na ramani ya ujenzi. Anza na swali: mnajuaje saa, mwezi na msimu bila simu? Utasikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule. Nahodha atakwambia habari za Nairuzi, mwaka wa jua wa Waswahili wenye siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mwalimu wa madrasa atakueleza zawali, wakati jua linapovuka katikati ya mbingu na adhuhuri kuingia. Fundi ataanza kuuliza unene wa mbao, na hapo ujue amekwisha kuingia katika hesabu.

Mlipe fundi kama mbunifu, si kibarua wa kutwa. Lamu tuna mfano mzuri wa mafundi kuheshimiwa hivyo: jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kushushwa majini hapa mwaka 2018. Fundi Ali Skanda na wenzake hawakuitwa kulipamba. Ujuzi wao wa kuunda majahazi ya mbao ndio uliosema plastiki ikatwe vipi na iungwe vipi.

Kama shule iko ndani ya Mji wa Kale, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pita kwanza kwa Makumbusho ya Taifa. Peleka mchoro na orodha ya vifaa, na ueleze kwamba hamtaugusa ukuta wa zamani.

Hatua ya pili: mahali

Habari njema ni kwamba huhitaji uwanja mkubwa. Adhuhuri jua la Lamu haliinami zaidi ya digrii 26 kutoka utosini, mwaka mzima. Ukuta wa mita 5 ulio kaskazini au kusini unaweza kuwa mita 2.5 tu kutoka ukingo wa njia ya doa, na hautaizuia nuru ya adhuhuri. Hata kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya zamani kinaweza kutosha. Kinachosumbua ni miti: mwarobaini uliopandwa jana utakuwa na kivuli kikubwa baada ya miaka michache, na mnazi hutikisa makuti yake juu ya doa. Usiukate mti kwa ajili ya kazi hii. Sogeza mlango.

Chagua mahali wanafunzi wanapopita kwenda darasani, si pembeni penye utulivu. Mlango ambao watu hawapiti chini yake utasahaulika.

Hatua ya tatu: kuitafuta kaskazini

Usitegemee dira peke yake. Mabati ya paa na nondo za zege huivuta, na kaskazini ya dira si kaskazini ya jua. Tumia kivuli.

Simamisha kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita 1 kwenye ardhi iliyosawazishwa, na ukihakikishe kwa timazi (uzi wenye uzito nchani). Funga uzi kwenye shina lake, uchore duara lenye nusu kipenyo cha mita 1. Asubuhi, kama saa tatu na nusu hivi, ncha ya kivuli itaingia ndani ya duara: tia alama palepale inapogusa. Alasiri, kama saa tisa hivi, ncha itatoka upande wa pili: tia alama tena. Unganisha alama hizo mbili kwa uzi, na umepata mashariki na magharibi. Mstari unaoukata uzi huo kwa pembe mraba na kupita kwenye kijiti ndio kaskazini na kusini. Rudia siku nyingine. Mistari isipolingana, kijiti hakikusimama wima au ardhi haiko sawa.

Kuna uhakiki mmoja ambao Lamu tumepewa na jiografia. Makka iko karibu katika longitudo yetu, kwa hiyo kibla yetu ni karibu kaskazini kamili, digrii mbili na nusu hivi kuelekea magharibi. Simama kwenye mstari wako ulinganishe na kibla ya msikiti wa jirani. Ukiona tofauti ya digrii kumi, rudi kwenye kijiti chako kabla hujaanza kuwatilia shaka waliojenga msikiti.

Hatua ya nne: jaribio la kadibodi

Kabla ya kununua mbao, funga boriti mbili za kuazima na fito za juu, utandike kipande cha kadibodi nyeusi chenye tundu la milimita 10. Kiache wiki mbili. Mambo mawili utayaona ambayo mchoro hauonyeshi.

La kwanza ni ukubwa wa doa. Jua lina upana wa takriban nusu digrii angani, kwa hiyo nuru inayopita tunduni hutanuka karibu milimita 9 kwa kila mita ya safari. Kwa mita 2.5, doa litakuwa na upana wa sentimita tatu hivi, lenye kingo laini. Tundu kubwa hulifanya doa liwe jeupe zaidi lakini halisomeki vizuri. Tundu dogo hutoa doa kali lakini hafifu, na uani penye mwanga mwingi halionekani. Milimita 8 hadi 10 ni kipimo kizuri. Kadibodi yenyewe iwe pana, angalau sentimita 25 kila upande, ili doa lizungukwe na kivuli kizito.

La pili ni mwendo. Adhuhuri doa husogea zaidi kidogo ya sentimita moja kila dakika. Jicho linauona. Wanafunzi watakaa kimya wakilitazama, na wengi wataelewa kwa mara ya kwanza kwamba si doa linalokwenda, ni sisi tunaozunguka.

Hatua ya tano: mlango

Miimo (nguzo mbili za pembeni) na iwe ya mbambakofi au mbao nyingine ngumu iliyokauka vizuri. Mbao mbichi itapinda, na tundu litapinda nayo. Boriti za mkoko zinafaa kwa kazi ya juu, mradi muuzaji awe na kibali cha misitu. Upana kati ya miimo uwe mita 1.5 au zaidi, na fremu ikae mashariki kwa magharibi, ili mtu anayepita apite kusini kwa kaskazini, njia ile ile ya doa.

Kizingiti cha juu ndicho penye ufundi. Mlango wa kawaida una gogo moja zima juu, na gogo hilo lingeifunga nuru. Fanya boriti mbili sambamba zenye kina cha sentimita 10, uache mwanya wa sentimita 20 kati yake, na bamba la shaba lilale juu yake katikati. Kwa mwanya huo nuru iliyoinama digrii 26 inapita bila kugusa mbao. Sehemu nyingine za mwanya zifunikwe kwa mbao nyembamba. Bamba liwe na unene wa milimita 2 au 3, na kingo za tundu zipigwe tupa kwa upande wa chini ili zisikate nuru ya pembeni.

Hewa ya chumvi haina huruma. Misumari ya kawaida itaoza na kutoa machozi ya kutu juu ya nakshi. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, au za shaba. Kwa mbao, waulize waundaji majahazi wa Matondoni wanavyotumia sifa, mafuta ya ini la papa: harufu yake ni kali kwa siku kadhaa, lakini ni ulinzi uliojaribiwa na bahari.

Msingi uende chini mita moja, hasa kwenye mchanga wa upande wa Shela. Simamisha fremu, uikaze kwa mihimili ya muda, kisha ushushe timazi kutoka katikati ya tundu mpaka chini, alfajiri kabla upepo haujaamka. Pale timazi inapogusa ndipo kitovu cha kazi nzima. Kila kipimo kitaanzia hapo. Pima urefu kutoka tundu hadi kitovu na uuandike. Bamba likihama sentimita moja mashariki au magharibi, saa yako imekosea karibu dakika nzima, kwa hiyo usimwage zege mpaka watu wawili wapime kila mmoja peke yake na wakubaliane.

Hatua ya sita: sakafu na mwaka wa alama

Sakafu iwe na urefu wa mita 3 kusini kwa kaskazini na upana wa mita 2, iliyosawazishwa kwa mpira wa maji. Pimamaji fupi haitoshi kwa urefu huo. Chokaa iliyosuguliwa, kama inavyosuguliwa katika kuta za zidaka (vishubaka vya ukutani), hupokea doa vizuri kuliko saruji, kwa sababu ni nyeupe bila kung'aa sana. Usinunue matumbawe yaliyovunjwa baharini kwa ajili ya mawe. Tafuta mawe ya nyumba zilizobomoka.

Chora mstari wa adhuhuri kutoka kusini hadi kaskazini kupitia kitovu. Kisha uwe na subira, maana sasa sakafu inahitaji mwaka mmoja.

Mstari huo unaonyesha adhuhuri ya jua, na adhuhuri ya jua si saa sita ya simu. Saa za Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, na Lamu iko kwenye digrii 40.9. Tofauti hiyo ni dakika 16. Kwa wastani jua huvuka mstari wetu saa sita na dakika 16. Nasema kwa wastani kwa sababu dunia haiendi kwa mwendo ule ule katika njia yake, na mhimili wake umeinama. Mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia kwa dakika 16 nyingine, na adhuhuri ya Lamu inaangukia saa sita kamili. Katikati ya Februari jua huchelewa dakika 14, na adhuhuri inafika saa sita na nusu. Siku nne tu kwa mwaka, karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba, jua na saa ya wastani hukubaliana kabisa.

Sasa fanyeni hivi: kila siku ya jua, saa sita na dakika 16 kamili, mwanafunzi mmoja aweke kipande kidogo cha mkanda katikati ya doa, na aandike tarehe. Simu iwe imewekwa saa na mtandao, si kwa mkono. Msingoje doa lifike kwenye mstari, fuateni saa. Baada ya wiki kadhaa mtaona alama zikiuacha mstari, zikipinda, zikirudi. Baada ya mwaka zitakuwa zimechora namba nane ndefu: urefu wa mita 2 na kitu, tumbo kubwa kaskazini na dogo kusini, na upana wa juu kabisa sentimita 33 hivi. Hakuna aliyeibuni nane hiyo. Imechorwa na mwendo wa dunia, na mbele yake mwanafunzi na profesa wanasimama sawa.

Panga zamu mapema. Likizo za shule zitakukatia Aprili, Agosti na Desemba, kwa hiyo mfundishe bawabu naye awe mmoja wa wapimaji, na jina lake liwe katika daftari. Masika yataficha jua siku nyingi za Aprili na Mei, na hapo kila siku ya wazi ina thamani maradufu. Machi na Septemba doa husogea karibu sentimita 1.7 kila siku, ukikosa siku tatu utaona pengo. Juni na Desemba linasogea kidogo tu kila siku, ukikosa siku chache hudhuriki.

Mwaka ukikamilika, fundi mwashi achimbe kwa tindo penye alama na azike vipande vya kudumu. Vipande vya sahani za kaure zilizovunjika majumbani vinafaa sana, kila familia ikileta chake. Lakini msichukue kaure kutoka magofu ya Takwa, Pate au kwingineko. Hizo ni mali ya historia na sheria inazilinda. Miongo ya Nairuzi muiweke kwa rangi ya kupaka, si kwa kuchonga: mwaka huo hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo unateleza siku moja kila miaka minne, na kila kizazi cha wanafunzi kitakuwa na kazi ya kuupaka upya.

Hatua ya saba: nakshi yenye hesabu

Mpaka hapa miimo iko wazi. Hapa fundi na wanafunzi ndipo wanapokutana kwa kweli.

Mwimo wa kulia ubebe bahari. Kwa siku 30 mfululizo, wanafunzi wasome kina cha maji yanapojaa, kwenye nguzo iliyopakwa mistari ya sentimita kumi kumi gatini. Maji ya Lamu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi, kwa hiyo zamu lazima zihame pamoja na mwezi. Watoto wadogo wasiende usiku. Chukueni kujaa kwa mchana peke yake. Kisha mpeni fundi orodha ya vipimo 30 na mwimo uliogawanywa nafasi 30 za sentimita 8. Kila siku iwe jani moja, au wimbi moja, au mviringo mmoja, na upana wake ufuate kipimo. Fundi achague umbo. Hesabu ichague ukubwa. Itatokea nakshi inayovimba mara mbili na kunywea mara mbili: bamvua (maji yanapojaa sana), maji mafu (yanapojaa kidogo), bamvua, maji mafu. Mvuvi ataisoma bila kuambiwa. Ukimwomba mwanafunzi aweke kidole penye mwezi mpevu, ataona kwamba bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada yake.

Mwimo wa kushoto ubebe jua: nafasi 12 za miezi, kina cha mchongo kikifuata dakika ambazo jua limetangulia au kuchelewa. Acha fundi aamue kama kutangulia kuchongwe ndani na kuchelewa kutokeze nje, au kinyume chake. Nimeona mabishano ya namna hii yakifundisha namba hasi kuliko somo zima la ubao.

Jambo moja msilegeze: fundi akisema kipimo fulani kinaharibu mtiririko wa nakshi, msikibadilishe kipimo. Badilisheni umbo la jani, nafasi au mpaka, mpaka kipimo kikae kwa uzuri. Na mwalimu akisema nakshi fulani ni pambo tu, asiifute. Amwulize fundi ina kazi gani. Mara nyingi ina kazi, kama kuficha maungio au kuelekeza maji ya mvua.

Kijiti cha alasiri

Pembeni mwa mlango simamisheni kijiti cha shaba cha mita 1. Alasiri huingia, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi hapa, kivuli kinapofikia urefu wa kitu pamoja na urefu wa kivuli cha adhuhuri ya siku hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi apime kivuli adhuhuri, aongeze mita moja, achore upinde na kungoja. Ni somo dogo la kujumlisha lenye kazi ya kila siku. Wakati wa swala wenyewe unabaki kwa muadhini.

Siku za kuufungua mlango kwa mji

Machi 14 na Septemba 28, au siku moja kabla au baada, doa linakaa juu ya kitovu na kila kijiti uani hupoteza kivuli. Alikeni wazazi saa sita na nusu kasoro dakika chache mwezi Machi, na saa sita na dakika chache mwezi Septemba.

Tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18, na tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27, jua linakuwa wima juu ya Kaaba. Saa zetu na za Makka ni sawa. Dakika hiyo hiyo tieni alama penye doa, na mstari kutoka alama hiyo kupitia kitovu unaelekea kibla. Zikeni hapo uzi wa shaba. Wazee watakuja kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote, na wajukuu wao ndio watakaowaeleza sababu yake.

Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kupatwa kamili kutapita Misri na Makka. Lamu tutaona sehemu, na doa letu halitakuwa duara tena, litakuwa limemegeka kama jua lenyewe. Hakuna atakayehitaji kuliangalia jua kwa macho. Wote wataangalia chini. Wanaotaka mlango uwe tayari kwa siku hiyo wapange kazi kuanzia hapo kurudi nyuma.

Utunzaji

Kila mwaka kabla ya masika, sugueni bamba kwa ndimu na majivu laini bila kugusa kingo za tundu, pakeni mafuta kwenye mbao, na mpime tena urefu kutoka tundu hadi kitovu. Buibui hupenda tundu. Lipitisheni kijiti cha ufagio kila Ijumaa. Doa likiacha kufika kwenye kaure ya tarehe yake, angalieni mambo matatu kwa mfuatano huu: saa ya simu, kisha timazi ya fremu, kisha mteremko wa sakafu. Kama doa limekosea mashariki au magharibi kwa kiasi kile kile kila siku, ni saa au fremu iliyoinama. Kama linakosea zaidi Juni na Desemba kuliko Machi, urefu wa bamba umebadilika, na mara nyingi ni mwimo mmoja uliozama. Uinueni kwa kabari za mbao ngumu, mshushe timazi upya, na muandike tarehe ya marekebisho katika daftari lile lile la vipimo.